Mpe Jirani Waifai, Usimpe Ufunguo wa Ruta

Kuna sentensi moja ambayo kila mteja wa pesa kwa simu anaijua hata ukimwamsha usiku wa manane: usimpe mtu PIN yako. Tumeisema redioni, tumeibandika kwa wakala, tumeituma kwa ujumbe mfupi mpaka watoto wameishika. Ni sawa, na tutaendelea kuisema. Lakini kuna swali lingine ambalo sisi watu wa kampuni hatuwaulizi wateja, na naona wakati wake umefika. Ile ruta iliyo sebuleni kwako, ufunguo wake uko na nani?

Simaanishi nywila ya waifai, ile pasiwadi ambayo watoto wa jirani wanaijua kukuliko wewe. Namaanisha nywila ya pili, ile ya kuingia ndani ya ruta yenyewe na kubadilisha mipangilio yake. Wengi ninaoongea nao huku Soy hawajui hata kwamba iko. Na ile wasiyoijua ndiyo kubwa.

Maoni yangu ni haya: kumgawia jirani waifai si kosa, na ushauri wa "usimpe mtu yeyote" hautufai sisi. Kosa ni kuacha ufunguo wa ruta ukiwa vile ulivyotoka kiwandani, kisha ukagawa.

Waifai imefika mpaka shambani

Si zamani sana, intaneti ya nyumbani ilikuwa mambo ya Elgon View na mitaa mingine ya Eldoret yenye mageti makubwa. Sasa toka mjini, shika barabara ya Kitale, pita Soy uende mpaka Moi's Bridge, uhesabu. Kuna duka la dawa za mifugo lenye ruta ya laini ya simu juu ya kaunta. Kuna ploti ya vyumba vya kupanga ambayo landilodi amevuta waya mmoja wa faiba na wapangaji wanachangia. Kuna boma katikati ya mahindi lenye sahani ya Starlink juu ya paa, kwa sababu huduma hiyo iliingia Kenya Julai 2023 na haihitaji waya wala mlingoti wa karibu.

Hayo ni maendeleo na mimi nayafurahia. Mkulima anayelipwa pesa za maziwa kwa simu, anayeagiza mbolea kwa simu na kulipa karo kwa simu, sasa anafanya mambo hayo kwa intaneti isiyoisha saa nane mchana kama bando. Lakini angalia jinsi ruta inavyofungwa. Fundi anakuja, anatoboa ukuta, anawasha, taa zinakuwa kijani, anakuambia, "Pasiwadi iko hapo nyuma kwa stika." Unasema asante, unampa chai, anaenda. Hapo ndipo elimu ya mteja inapoishia.

Mimi nilisomea masoko, si uhandisi, na nakubali kwamba watu wa fani yangu tunachangia. Tangazo la intaneti linauza kasi, linauza bei, linauza familia inayocheka mbele ya televisheni. Neno "linda" halina nafasi kwenye bango. Kwa hivyo mteja anadhani ruta ni kama balbu: ukishawasha, umemaliza. Ruta ni kompyuta ndogo. Ina programu yake ndani, ina mlango wake, na kila kitu ambacho nyumba yako inatuma au kupokea kwa waifai kinapita kwake kwanza.

Nywila ni mbili

Tuelewane kwanza hapa, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea.

Nywila ya kwanza ni ya waifai. Hii inampa mtu ruhusa ya kutumia intaneti. Ni kama kumruhusu jirani achote maji kwenye mfereji wako.

Nywila ya pili ni ya msimamizi wa ruta. Ukiunganisha simu kwa waifai yako, ufungue brauza, uandike namba kama 192.168.1.1 au 192.168.0.1 (namba kamili huwa kwenye stika), utaletewa ukurasa wa kuingia. Kwa ruta nyingi, hasa zile za miaka iliyopita, jina ni admin na nywila ni admin pia. Hii haimpi mtu maji tu. Inampa uwezo wa kuhamisha bomba.

Sasa unganisha hayo mawili. Kijana unayempa waifai ameshaingia kwenye mtandao wako. Akiandika namba ile na kujaribu admin mara mbili, na wewe hujabadilisha kitu, amekuwa mwenye nyumba. Anaweza kubadilisha nywila ya waifai ukafungiwa nje. Anaweza kuona vifaa vyote vilivyounganishwa. Anaweza kubadilisha kitu kinachoitwa DNS, na hicho ndicho kinachopaswa kumhusu mtu wa pesa kwa simu.

DNS ni kama makanga wa steji. Wewe unaandika jina la tovuti ya benki yako, ruta inauliza DNS, "Hii iko wapi?", nayo inaielekeza. Fikiria uko steji Eldoret unataka gari la Kitale, makanga anakuonyesha gari lenye bango la Kitale, unapanda, kumbe linaenda kwingine kabisa. Wewe hukukosea jina. Aliyekuelekeza ndiye alikuwa na nia yake.

Hii si hadithi ya kutungwa. Nchini Brazil, kati ya 2011 na 2012, wahalifu waliingia kwenye modemu za intaneti takriban milioni 4.5, nyingi zikiwa za watu wa kawaida majumbani. Walitumia kasoro iliyokuwa kwenye programu ya modemu hizo, wakabadilisha DNS. Mtu alikuwa anaandika jina sahihi la tovuti aliyoizoea, anapelekwa kwenye ukurasa wa bandia unaofanana. Hakubonyeza kiungo cha ajabu. Hakupigiwa simu na mtu wa "umeshinda zawadi". Alikaa kwake, akatumia intaneti yake.

Na miaka minne baadaye, 2016, kirusi kilichoitwa Mirai kilizunguka duniani kikiingia kwenye ruta na kamera za usalama. Kilikuwa na orodha fupi tu ya majina na nywila za kiwandani, kama 60 hivi, kikizijaribu moja baada ya nyingine. Oktoba 21 mwaka huo, vifaa hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya DNS ya Marekani iitwayo Dyn, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua lolote. Kosa lao lilikuwa kuacha nywila ya kiwandani. Kwa hivyo wewe mwenye duka uliyefunga kamera ya kuangalia kaunta, hata hiyo kamera ina nywila yake, na hata hiyo ibadilishwe.

Tusitiane hofu pia

Nisingependa umalize kusoma hapa ukimbie kuchomoa ruta. Ukipiga nyota kutuma pesa, au ukitumia menyu iliyo kwenye laini yako ya simu, muamala huo unapita kwa mtandao wa simu. Haupiti kwa waifai. Mtu aliyeingia kwenye ruta yako hawezi kukaa pale akisoma PIN unayobonyeza kwenye menyu ya laini.

Programu za simu za kutuma pesa na za benki nazo hufunga mawasiliano yao kabla hayajatoka kwenye simu, kwa hivyo yakipita kwenye ruta yanapita yakiwa kwenye bahasha iliyofungwa. Ndiyo maana tunakusihi upakue programu kutoka duka rasmi la simu yako, na brauza ikikuonya kwamba ukurasa wa benki si salama, usibonyeze "endelea" kwa haraka ya kumaliza. Onyo hilo mara nyingi ndilo linalokuambia kwamba makanga amekudanganya.

Na bado wezi wengi wa pesa za simu hawasumbuki na ruta. Wanakupigia tu, wanajifanya huduma kwa wateja, wanakuomba namba zilizotumwa kwa ujumbe. Hilo halijabadilika.

Basi kwa nini nasisitiza ruta? Kwa sababu tatu. Kwanza, barua pepe yako, mitandao yako ya kijamii na tovuti unazoingia kwa brauza zote zinapita hapo, na barua pepe ndiyo inayotumika kurudisha nywila za mambo mengine mengi. Pili, nyumba nzima huonekana huko nje kwa anwani moja ya intaneti, na akaunti hiyo imesajiliwa kwa jina lako. Mtu akitumia waifai yako kutapeli watu, alama za kwanza zinaelekea mlangoni kwako. Kweli, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inamwadhibu anayeingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa, faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3 au vyote viwili. Lakini kueleza kwamba si wewe ni kazi ambayo hutaki kuifanya. Tatu, ni jambo unaloweza kulimaliza jioni moja bila kulipa hata shilingi.

Jioni moja, mambo saba

Ukurasa wa ruta huwa kwa Kiingereza na hautofautiani sana kutoka kampuni moja hadi nyingine. Kama unaona haya kuufungua, mwite kijana wa nyumbani unayemwamini mkae pamoja, lakini wewe ndiwe ushike daftari.

1. Badilisha nywila ya msimamizi. Anza na hii kabla ya nyingine zote. Iandike kwenye daftari, uweke mahali unapoweka hati ya shamba na vyeti vya watoto. Hutaihitaji kila siku, na hakuna mgeni anayehitaji kuijua. Kampuni nyingine huzuia mteja kuingia huko. Kama ni hivyo, piga simu huduma kwa wateja uwaulize nani ana nywila hiyo na kama si ile ya kiwandani. Ni haki yako kuuliza.

2. Badilisha nywila ya waifai. Isiwe 12345678. Isiwe namba yako ya simu, maana hiyo iko kwenye ukuta wa duka lako na kila mteja anaiona. Na hili nakuomba sana: usichukue PIN yako ukairudia mara mbili ili ifike herufi nane zinazotakiwa. Siku utakayomtajia jirani waifai, utakuwa umemtajia na pesa zako. Chukua maneno manne yasiyohusiana, uyachanganye lugha kama tunavyoongea kila siku, Kiswahili na lugha ya mama. Urefu ndio nguvu, kwa sababu mwizi anaweza kunasa mawimbi yako akiwa barabarani, aende kwake akabahatishe polepole na kompyuta.

3. Angalia aina ya ulinzi. Tafuta palipoandikwa Security. Chagua WPA2 au WPA3. WPA2 imekuwepo tangu 2004 na bado inafaa ukiwa na nywila ndefu. WPA3 ilikuja 2018 na ni bora zaidi kama simu zako zinaikubali. Ukikuta WEP, hiyo ilishavunjwa tangu 2001, na ruta yenye WEP peke yake ni ya kustaafishwa.

4. Zima WPS. Hii ni ile njia ya kuunganisha kifaa kwa namba ya tarakimu nane. Mwishoni mwa 2011 ilionyeshwa kwamba ruta huikagua namba hiyo nusu kwa nusu, kwa hivyo mwizi hahitaji kujaribu mamilioni ya namba. Kama 11,000 zinatosha, na kompyuta haichoki.

5. Zima usimamizi wa mbali. Itakuwa imeandikwa Remote Management. Ukiiacha imewashwa, mtu aliye nchi nyingine anaweza kubisha mlango wa ruta yako bila kukanyaga Soy. Kama kampuni yako ya intaneti inasema inauhitaji ili kukuhudumia, waulize umelindwaje.

6. Sasisha programu ya ruta. Tafuta Firmware au Update. Wale wa Brazil waliingia kwa kasoro ya programu, na kasoro huzibwa kwa masasisho. Kama ruta ina sehemu ya kujisasisha yenyewe, iwashe.

7. Angalia DNS. Mara nyingi inafaa kuwa "Automatic", yaani ichukue ya kampuni yako. Ukikuta namba zimeandikwa hapo na wewe hujui zilitoka wapi, piga simu uulize. Namba kama 8.8.8.8 ni ya Google na 1.1.1.1 ni ya Cloudflare, hizo zinajulikana. Namba isiyojulikana na mtu yeyote nyumbani wala kampuni ni ishara ya kurudisha ruta ilivyotoka kiwandani na kuanza upya. Kabla ya kufanya hivyo, uliza kampuni yako, kwa sababu kitufe kile kidogo cha nyuma hufuta pia mipangilio yao.

Na jirani je?

Sasa turudi kwa jirani, kwa sababu ushauri mwingi unaosoma mtandaoni uliandikwa na mtu asiyeishi kwenye ploti. Anakuambia usimpe mtu nywila. Hebu jaribu. Mama wa mlango wa pili ana mtoto anayefanya mtihani na anataka kupakua karatasi za marudio. Mzee wa boma la chini anataka kuongea kwa video na binti yake aliye Qatar. Utamwambia nini, usalama wa mtandao? Kwetu kumnyima jirani waifai kunaanza kufanana na kumnyima chumvi.

Dawa iko ndani ya ruta yenyewe na inaitwa mtandao wa wageni, Guest Network. Ruta nyingi za sasa zinayo. Ukiiwasha, ruta inatoa waifai ya pili yenye jina lake na nywila yake. Mgeni anapata intaneti, lakini hafikii ukurasa wa ruta wala kamera, printa au simu zilizo kwenye mtandao wako. Hakikisha tu sehemu inayoruhusu wageni kuona mtandao wa ndani haijawashwa. Unaweza hata kuipunguzia kasi wageni wasikumalizie.

Nywila ya wageni ibadilishe kila baada ya muda, bila uchungu. Kumbuka kwamba simu za siku hizi zinaweza kuonyesha nywila ya waifai kama msimbo wa QR. Uliyempa mmoja leo, kesho anaweza kuwa amewapa watano bila nia mbaya. Kwenye mtandao wa wageni hiyo si balaa. Kwenye mtandao wako mkuu ni balaa.

Mwenye biashara, hili ni lako zaidi. Kama wewe ni wakala, au una agroveti, kinyozi au hoteli ya chai na umeandika waifai ukutani kuvuta wateja, vizuri, ni masoko mazuri hayo. Lakini simu unayopokelea malipo, kompyuta ya hesabu na kamera viwe kwenye mtandao mwingine. Wateja wakae kwenye wa wageni. Kaunta yako ina upande wa mteja na upande wa muuzaji, na hakuna anayeona hiyo ni dharau. Waifai nayo iwe na pande mbili.

Mzigo usiwe wa mteja peke yake

Nimalizie kwa wale wanaouza na kufunga. Si haki kumlaumu bibi wa Kipsomba kwa kutobadilisha nywila ambayo hakuna aliyewahi kumwonyesha. Uingereza waliliona hili. Tangu Aprili 29, 2024, sheria yao imewakataza watengenezaji kuuza vifaa vya nyumbani vya intaneti vyenye nywila moja ya kiwandani kwa wote, kama admin. Kila kifaa kiwe na nywila yake ya kipekee au mnunuzi alazimishwe kuweka yake. Sioni kwa nini Kenya isidai hivyo hivyo kwa ruta zinazoingia nchini. Tuliongoza dunia kwa kutuma pesa kwa simu mwaka 2007. Hatupaswi kuwa wa mwisho kwa kuilinda nyumba ambamo simu hizo zinatumika.

Hata bila sheria, kuna kitu kidogo kinachowezekana kesho. Fundi asiondoke kabla mteja hajaweka nywila yake mwenyewe ya msimamizi, kwa mkono wake. Ni dakika tano. Wewe mteja una haki ya kuzidai, kama vile wakala hakuruhusu uondoke bila ujumbe wa muamala. Mwambie tu, "Fundi, kabla ya chai, nionyeshe ule ukurasa wa admin." Kama hajui, mwombe apige simu ofisini kwao. Akijua, chai itakuwa tamu zaidi.

Na kwa wewe ambaye fundi alishaondoka zamani: geuza ruta, soma stika, fungua ule ukurasa leo jioni kabla ya taarifa ya habari. Anza na namba moja kwenye orodha. Jirani akibisha hodi kuomba waifai, mpe ya wageni.